Gunia Lisilo na Tusi

Mwaka jana chumba changu kilikuwa cha mahindi. Mimi nilikuwa mpangaji tu. Chama cha ushirika kilikuwa kimeacha kuja na magari yake, redio inasema sasa ni soko huria, kila mtu atafute mnunuzi wake, na baba akatafsiri uhuru huo kwa kujaza magunia ya shamba letu la Maposeni mpaka darini. Godoro langu likawekwa juu yake. Nilikuwa mwanafunzi wa kidato cha pili pekee pale Songea aliyelala karibu na mbingu.

Kulala juu ya mahindi kuna faida yake, unajua habari zake. Magunia ya mbele yalikuwa kimya. Ya nyuma, upande wa ukutani, yalikuwa yanatafuna. Ukiweka sikio unasikia krr, krr, krr, kama mwalimu wa hesabu anavyosaga chaki. Dumuzi, yule mdudu anayegeuza mahindi unga. Nikamwambia baba.

"Ni panya," akasema.

"Baba, panya ana miguu. Huyu anatembea kwa meno."

Hakucheka. Alikwisha kuniambia kwamba mahindi yasipouzwa kabla ya mvua, ada hakuna, nitakwenda Lusewa kwa baba mdogo kulima. Nampenda baba mdogo, ila jembe lake silipendi. Kwa hiyo na mimi nikaanza kuomba awe panya.

Ndipo mwenyekiti wa mtaa akaja na habari ya mnunuzi. Alikaa kwenye kiti chetu kizuri, akakunja nne, akaanza kama yuko jukwaani. Mnunuzi anatoka Msumbiji, upande wa Niasa. Vita vimekwisha kule, watu wanarudi vijijini, mashamba bado pori, wanahitaji chakula. Nchi zetu ni marafiki tangu enzi za kupigania uhuru wao. Mkoa unamtazama mtu huyu kama mlango. Akiridhika na Songea, wenzake watamfuata.

"Kabila gani?" mama akauliza kutoka jikoni.

"Myao."

Hapo hata mama alicheka. Asiyetoka kwetu nimweleze. Mngoni na Myao ni watani. Babu zetu walipigana, wakachoka, wakabaki kutukanana, na kutukanana huko ndiyo heshima yenyewe. Myao akija msibani kwako, anaweza kumwambia marehemu aamke aache uvivu, na wewe mfiwa unacheka na machozi. Mtani haruhusiwi kukasirika. Anaweza hata kuchukua kitu chako mbele yako, na wewe ukatafuta namna ya kukikomboa.

"Ndilo nililofuata," mwenyekiti akasema, akakunjua miguu. "Utani hakuna. Mtani ni Myao wa Tunduru, wa hapa hapa kwetu. Huyu ni mtu wa nje, mgeni wa nchi rafiki. Akitukanwa huyu, imetukanwa Msumbiji."

Wote watatu wakanigeukia. Sijui kwa nini.

"Umesikia?" baba akasema. "Kesho ukifungua mdomo, Lusewa."

Jioni hiyo baba alitoa godoro langu nje, akapanga magunia upya. Mazuri akayaleta mbele zaidi. Yale yanayotafuna akayabana ukutani, akayafunika turubai. Nilimsaidia. Hakuna aliyetaja dumuzi.

Mwenyekiti alimleta mgeni asubuhi, mtu mnene mwenye kofia ya kufuma na bambo kwapani, kile chuma cha kuchomea gunia ili kuchungulia kilichomo. Lori lake aliliacha barabarani. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akatazama nyumba yetu juu hadi chini.

"Hapa ni kwa Wangoni kweli?"

"Ndiyo, mheshimiwa," baba akasema. "Karibu sana, mheshimiwa."

"Naona kuna viti. Nimezoea Wangoni wanakalia ngozi."

Nikauma ulimi. Jibu lilikuwa limejileta lenyewe, zuri, la moto. Baba akainama.

"Viti vipo, mheshimiwa. Chagua unachopenda."

Mgeni akakaa polepole. Mama akaleta ugali na kuku. Mgeni akasema bismillahi, akamtazama yule kuku.

"Huyu mmemchinja, au mlimkuta amelala?"

"Amechinjwa na jirani yetu Mwislamu, mheshimiwa," mwenyekiti akasema kwa haraka. "Tulihakikisha kila kitu."

Mgeni akala matonge machache. Kadiri alivyokula ndivyo uso wake ulivyokuwa unafungwa. Alisema Wangoni wanapika ugali kwa kuogopa maji, baba akaomba radhi kwa ugali. Alisema nyumba inanuka ukimbizi, mwenyekiti akajibu kwamba mkoa utalishughulikia. Mimi nilikuwa nimeshika beseni la kunawia, majibu yamenijaa mdomoni. Mwishowe mgeni akaisukuma sahani.

"Kuna msiba hapa?"

"Hapana, mheshimiwa."

"Mna ugomvi na mtu?"

"Hapana, mheshimiwa."

Akanyoosha mikono nimmwagie maji. Akawa anaongea huku anaitazama mikono yake.

"Mimi nilikulia kambini, huku kwenu, wakati wa vita vyetu. Wangoni walikuwa wanatuletea mahindi. Mkono huu gunia, mkono huu tusi. Gunia likija bila tusi, mama yangu alikuwa anasema, limwageni kwanza chini tulione." Akajifuta. "Nyinyi mmenipokea kama daktari. Mtu ananiogopa nyumbani kwake mwenyewe, anaficha nini?"

Mwenyekiti akafungua mdomo kuhusu urafiki wa nchi zetu mbili. Mgeni akachukua bambo lake, akasema anashukuru kwa chakula, atajaribu Mbinga.

Akainuka. Baba naye akainuka. Nikaliona jembe la baba mdogo. Nikapiga hesabu: nikinyamaza, Lusewa. Nikisema, Lusewa. Basi bora niende nimesema.

"Mwacheni aende," nikasema. "Babu zetu walipokuwa wanawakimbiza Wayao, hawakuwauliza wanataka kukimbilia wapi. Mbinga, sijui Mbinguni, shauri yake."

Beseni lilikuwa linadondosha maji sakafuni, tone kwa tone. Mwenyekiti alikuwa amefumba macho kama mtu anayengoja kofi.

Mgeni akageuka. "Huyu ni nani?"

"Mtoto tu, mheshimiwa, msamehe, ana..."

"Nimemuuliza yeye."

"Mimi ndiye Mngoni wa nyumba hii," nikasema. "Wale wawili wameambiwa leo wawe Wazungu."

Tumbo lake ndilo lililoanza kucheka, uso ukafuata baadaye. Akaniwekea mkono begani, mzito kama gunia lenyewe.

"Kumbe mlibaki. Nilidhani wote mlikufia njiani, mkitimuliwa kutoka kusini."

"Tulikuja kwa miguu tukiwatafuta nyinyi. Mlijificha vizuri."

Basi hapo nyumba ikapata hewa. Tukaingia stoo, yaani chumbani kwangu, tukitukanana kama ndugu. Alichoma bambo gunia la kwanza, akalichomoa, punje nyeupe safi zikamwagika kiganjani. La pili hivyo hivyo. Alitafuna moja, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Baba aliegemea mlango, kwa mara ya kwanza akipumua kama watu wengine.

"Na yale yenye turubai?" mgeni akauliza.

Mdomo wangu ulikuwa umeshika kasi, ungesimamaje.

"Yale tumewatunzia Wayao. Yana nyama ndani."

Akacheka sana. Kisha akamtazama baba ili wacheke pamoja, na baba hakuwa anacheka. Kicheko cha mgeni kikakauka. Akalifunua turubai, akachoma. Kilichotoka kwenye bambo kilikuwa unga, na ndani ya unga kitu kidogo cheusi kinatembea.

Nilimtazama baba, na sipendi kukumbuka alivyokuwa. Mtu mrefu yule, alikuwa ameshika fremu ya mlango kama anayezuia nyumba isianguke.

"Yana dumuzi," baba akasema mwishowe. Hakuongeza mheshimiwa.

"Nimeambiwa," mgeni akajibu. Aliupuliza ule unga kutoka kiganjani. "Nimeambiwa kabla sijachoma, na mtani wangu. Nikikasirika sasa, nitakuwa mjinga wa kwetu na wa kwenu."

"Kwa niaba ya mkoa..." mwenyekiti akaanza.

"Kaa, mwenyekiti."

Alinunua ya mbele yote. Ya nyuma hakuyagusa tena. Vijana wake walipomaliza kupakia, alirudi sebuleni peke yake, akachukua koti la baba msumarini, lile la Jumapili, akalivaa. Halikufunga kifuani.

"Hili linakwenda Niasa," akasema. "Mwakani utalikomboa kwa mahindi yasiyo na nyama."

Baba alitakiwa kutukana. Ndiyo desturi, koti lako linaondoka, unatoa tusi. Alijitahidi, akalitazama koti lilivyomkaa mgeni.

"Litakubana," akasema.

Ndilo lililopatikana.

Ada ililipwa nusu. Nusu ya pili, mwalimu mkuu amekubali kungoja mavuno haya, na Lusewa, baba anasema, haijahama. Jumapili anakwenda kanisani na sweta, hata baridi ya Juni ilipokuwa inauma, na wanaume wenzake wakiuliza koti liko wapi anasema liko safarini nje ya nchi.

Safari hii mahindi tumeyaanika mpaka yakalia kama kokoto. Baba amechekecha kila gunia kwa mkono wake, amechanganya dawa, hakuna la mbele wala la nyuma. Mwenyekiti amepita kusema lori limeonekana Tunduru, linakuja huku, na hajatoa maagizo yoyote kuhusu mdomo wangu. Jioni baba amekuja kusimama mlangoni mwa chumba changu. Mimi niko juu, sikio limebanwa kwenye gunia la ukutani.

"Unasikia kitu?"

"Bado."

"Shuka, sikiliza na la chini."