Mwiko wa Yaya

Kiwandani walimwita Yaya, mwanamume mzima mwenye mvi na wajukuu, kwa sababu kazi yake ilikuwa kulisha. Alipanda ngazi na gunia begani, akamimina unga wa plastiki kwenye faneli ya mashine ya mabomba ya maji. Mashine huyeyusha, husukuma, na bomba hutoka upande wa pili bila kukatika kutwa nzima. Ikikosa chakula dakika mbili tu, bomba hukonda likapasuka, na kazi ya asubuhi ikawa bure.

Mkewe alimcheka. "Wanangu watano hukumlisha uji hata mmoja. Lidude la chuma ndilo unalolibembeleza!"

"Wale walikuwa wanalia wenyewe, mama watoto. Hili halilii."

Basi siku moja msimamizi akaleta kengele yenye jicho la umeme, ikafungwa juu ya faneli: unga ukipungua, inalia. "Mzee, Jumatatu unahamia kufagia stoo," akasema. "Sasa yeyote anaweza kumimina."

Yaya akajibu sawa. Mwenye nguvu mpishe. Lakini miaka kumi na tisa hakujua kazi nyingine.

Ijumaa paa la stoo likavuja, magunia yakapata unyevu. Yaya akamimina kama kawaida, kengele kimya. Hata hivyo akachomoa kiunoni mwiko aliouchukua nyumbani zamani, akagonga ubavu wa faneli, juu hadi chini. Palipojaa husema ndu. Chini pakasema ko.

"Ina njaa hii!"

"Acha wivu, mzee," msimamizi akamjibu toka chini. "Kengele imelia? Si imejaa mpaka shingoni?"

"Shingoni imejaa. Tumboni hamna kitu. Unga umeshikana."

Msimamizi akacheka, kisha akatupa jicho kwenye bomba. Lilikuwa limeanza kukonda. Kicheko kikamkauka. "Gonga, baba! Gonga!"

Yaya akagonga palepale penye ko, mara nne. Unga ukaporomoka, bomba likanenepa.

Jumatatu fagio lilibaki limeegemea ukuta wa stoo. Kengele ipo, na Yaya yupo, na msimamizi hapiti chini ya ngazi bila kuuliza, "Umegonga?"

Mkewe aliposimuliwa hakutoa hongera. "Kumbe mwiko wangu uko huko! Na mimi miaka yote namshuku jirani."