Upande wa Kushoto wa Kiti cha Nyuma

Nyumba niliyopanga Kilindoni ni ya mama mmoja anayeishi Ndagoni. Mimi ni mwalimu wa sekondari, mtu wa bara, mzaliwa wa kule Njombe kwenye baridi, na nilipohamishiwa Mafia sikuwa namjua mtu hata mmoja. Yule mama, mjane aliyelea watoto wake kwa mwani na nazi, alinikabidhi funguo, akanionyesha mlango unaogoma kufunga wakati wa mvua, akaondoka zake. Kwa muda mrefu baina yetu palikuwa na shikamoo na marahaba, basi.

Gari ndilo lililotusogeza. Nilikuwa nimelivusha kutoka bara, gari dogo la zamani lenye buti refu. Siku moja nilimkuta njiani amekaa juu ya viroba vyake vya mwani, pikipiki aliyokodi imemharibikia. Nikampakia na mizigo yake. Baada ya hapo ikawa mazoea: nikienda Ndagoni kununua samaki, narudi na viroba vyake hadi kwa mnunuzi wa mjini. Vingine vilikuwa havijakauka sawasawa, vikaacha maji ya chumvi kwenye buti, nami nikafuta kwa kitambaa nikaona yameisha.

Kisha akaumia. Aliteleza ufukweni akiwa na mzigo wa mwani mbichi kichwani, akaangukia kiuno. Hospitali walimpangia mazoezi ya mgongo kila Jumamosi asubuhi, na kwa kuwa pikipiki ilimtesa, nikamwambia nitakuwa namfuata. Alikataa kwanza, akisema mwalimu naye ana Jumamosi yake. Nilimjibu kwamba Jumamosi yangu ilikuwa ya kufua nguo na kuongea na redio.

Alikuwa akikaa nyuma, upande wa kushoto, ameegemea mto alioutoa kwake. Safari za mwanzo tulizungumza njia nzima. Baadaye alinyamaza. Nilimwona kwenye kioo ameshika mpini wa mlango kwa mikono miwili, hata pale ambapo barabara ilikuwa nzuri. Nilidhani mgongo unazidi kumuuma, nikawa naendesha polepole zaidi, na yeye akazidi kushika.

Jumamosi moja alinigusa begani.

"Mwalimu, usinielewe vibaya," alisema. "Zamani gari lako likiingia shimoni lilikuwa linazama, halafu linainuka. Siku hizi linagonga. Na linagonga huku kwangu."

Nilisimamisha gari nikashuka kulitazama. Lilikuwa limesimama mahali tambarare, lakini nyuma kushoto lilikuwa limechuchumaa. Upande wa kulia, kati ya tairi na madigadi, kiganja changu kilipita kikiwa kimesimama. Upande wa kushoto vidole vilipita kwa kulazwa. Hapo mambo niliyokuwa nimeyaona moja moja yakakaa pamoja. Waendesha baiskeli walikuwa wakijikinga macho na taa zangu jioni, hata nilipoziinamisha, kwa sababu nyuma ikishuka, mbele hutazama juu. Tairi la upande ule lilikuwa limelika ukingo wa ndani tu. Na nikipakia mzigo, kulikuwa na mlio wa kitu kinachosuguana, na kwa mlio huo nilikuwa nimelaumu upepo wa tairi, halafu barabara, halafu mzigo wenyewe.

Tulifika hospitali gari likienda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Nilipomrudisha kwake kwa mwendo uleule, nikalipeleka gari kwa fundi, mtu wa Rufiji mwenye gereji ndogo nyuma ya soko, asiyependa maneno mengi. Aliikandamiza kona ile ya gari kwa uzito wake wote, akaiachia, akasikiliza. Kisha akaomba funguo, akaniambia nikae pale anapokaa mgonjwa niliyemweleza habari zake.

Nilikaa. Tulitoka mpaka kwenye njia yenye mashimo. Shimo la kwanza, pigo lilinijia kwenye nyonga likapanda hadi kwenye meno. Mbele, kwenye kiti cha dereva, sikuwahi kulisikia hivyo. La pili nikajikuta nimeshika mpini wa mlango kwa mikono miwili. Nilimfikiria yule mama na kiuno chake, jinsi alivyovumilia na bado kila tukifika akanishukuru, akanipa madafu ya kurudi nayo.

Tuliporudi gereji fundi alipandisha jeki, akatoa tairi, akanimulikia. Springi ya kushoto ilikuwa imevunjika mzunguko wa chini kabisa, na kile kipande kilikuwa kimelala kwenye kikombe cha chuma kinachoibeba, kimekula kutu mpaka kinamenyeka kama ganda la kitunguu. Ya kulia ilikuwa nzima, ila imelegea na kufupika. Nilimuuliza kama angeweza kubana mipira katikati ya mizunguko, kama nilivyoona magari mengine yamefanyiwa. Alisema mpira ungeliinua gari machoni tu. Lingezidi kuwa gumu kwa anayekaa juu yake, na ncha ile iliyovunjika ingeweza siku moja kulichana tairi.

"Tunabadilisha zote mbili," alisema. "Ukiweka mpya upande mmoja na ya zamani upande wa pili, gari litapinda tena. Na Ndagoni usiende nalo mpaka hapo."

Springi za gari lile hazikupatikana kisiwani. Ilibidi ziagizwe Dar, zije bandarini Nyamisati, zivuke na boti. Nilimpigia simu mama mwenye nyumba nikamweleza. Akauliza kilichoivunja ni nini. Nikamwambia ni umri na chumvi.

Akasema, "Ni mwani wangu huo."

Nilimwambia kisiwa chenyewe ni chumvi, hata bati la jikoni kwake limetoboka bila kubebeshwa kiroba. Hakuridhika. Lakini lililonisumbua mimi lilikuwa mazoezi, maana hospitali walikuwa wamesisitiza asiyakatishe. Nikamwambia aje akae mjini mpaka springi zifike, nyumba si yake?

"Nyumba ni yangu," alisema, "lakini mwenyeji ni wewe. Unanikaribisha?"

Nikamwambia namkaribisha.

Aliletwa na gari la mnunuzi wa samaki, amekaa mbele kama bibi harusi, na kikapu cha nazi miguuni. Nilimpa chumba changu chenye kitanda kizuri. Asubuhi, nikiwa bado nimejilaza, nilisikia akiswali amekaa kitini kwa ajili ya kiuno. Nikirudi kutoka shule nilikuta pweza wa nazi yuko tayari, na yeye jikoni ananigombeza kwamba visu vyangu ni butu. Jumapili nilipokwenda kanisani aliniuliza nitarudi saa ngapi ili wali usipoe. Tangu mama yangu mzazi afariki hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza swali hilo.

Jioni tulitandika mkeka akafanya mazoezi yake, kuinua kiuno na kukishusha, nami nikilala pembeni kufanya naye kwa sababu akiyafanya peke yake alikuwa akicheka na kuacha. Ni wakati huo alipoacha kuniita mwalimu. Alianza kuniita mwanangu, bila kutangaza.

Springi zilipofika, zimefungwa kwenye kipande cha gunia, nilikwenda gereji kutazama. Fundi aliunyanyua ubavu wa gari, akafungua shokapu, akaushusha mhimili wa magurudumu taratibu mpaka springi ya zamani ikatoka kwa mkono. Kabla ya kuweka mpya alisugua kutu kwenye kikombe, akapaka rangi, akaweka mpira mpya juu na chini. Upande wa pili akafanya vivyo hivyo. Alinishauri mwani usafiri juu ya turubai, na mara kwa mara niumwagie uvungu wa gari maji baridi ya bomba, yaoshe chumvi. Tairi lililolika alilitupa pembeni, akafunga jingine. Aliposhusha jeki gari lilisimama sawasawa, na kiganja changu kikapita pande zote mbili.

Nilimrudisha Ndagoni baada ya mazoezi ya Jumamosi iliyofuata. Nilimwomba akae mbele. Akasema amezoea nyuma. Tuliyapita mashimo yaleyale, gari likizama na kuinuka bila kugonga, na kila nilipotazama kwenye kioo mikono yake ilikuwa mapajani. Kabla ya nusu ya njia kichwa kilikuwa kimeangukia mto, mdomo wazi kidogo, amelala fofofo.

Nilipofika uani kwake nilizima injini na kuteremsha vioo vyote. Sikumwamsha. Nilikaa pale nikisahihisha madaftari ya wanafunzi juu ya usukani, upepo ukiingia, moyo wangu umetulia kwa namna ambayo sikuwa nimeizoea tangu nivuke maji. Alipozinduka aliuliza kama tunakaribia. Nikamwambia tumefika zamani.