Sahani Nyekundu ya Mwaija

Kabla hajakatwa tumbo, Mwaija alikuwa wa mwisho kunawa. Kijiji chote cha Misima kilimjua hivyo. Wanawake wakizunguka sinia kwenye shughuli, wenzake walikuwa wakinyanyuka mmoja mmoja huku wakilamba vidole, yeye anabaki palepale, mguu mmoja kaukunja na mwingine kaunyoosha, anakusanya wali wa pembeni na kumsikiliza aliyebaki na neno. Haukuwa ulafi. Mwanamke aliyegombana na mumewe alijua kwamba akichelewa kunawa atabaki na Mwaija, na Mwaija atamsikiliza mpaka sinia likauke.

Unene ulimjia baada ya kumzaa Adamu, mtoto wake wa pili, na haukuondoka. Ukaja na sukari, ukaja na presha, mwisho ukaja na magoti. Kwenda shambani ikawa safari ya kupumzika chini ya kila mti. Mumewe, Sabiri, anayenunua mahindi Handeni na kuyauza Korogwe, alipata cha kuchekeshea wenzake.

"Mke wangu akitaka pikipiki," alikuwa akisema barazani, "vijana wote wanajifanya wameishiwa mafuta."

Watu wakacheka. Mwaija naye akacheka, maana ungefanyaje? Baadaye Sabiri akaoa mke wa pili, Shamimu, mwembamba kama ufito, akampangia nyumba Korogwe karibu na stendi. Alisema ni kwa ajili ya biashara.

Yusra, binti mkubwa wa Mwaija, ana kazi nzuri Dar es Salaam. Ndiye aliyempeleka mama yake hospitali kubwa. Daktari akawaeleza kwamba watalipunguza tumbo la chakula, sehemu kubwa waikate na kuitoa, libaki jembamba kama ndizi moja mbivu. Sukari itashuka na magoti yatapumua. Mwaija hakusoma hata darasa moja, lakini ndizi anaijua. Akakubali.

Sabiri naye alikubali, kwa simu, ila akaweka sharti.

"Wakikuuliza, sema ulikuwa na uvimbe. Nisije nikasikia habari ya kukata tumbo kwa sababu ya kula. Utanitia aibu."

Mwaija akamtunzia aibu yake. Siku anapasuliwa, Sabiri alikuwa Korogwe.

Aliporudi Misima alikuwa kama mtoto anayeachishwa ziwa. Kwanza maji ya supu tu, kijiko kwa kijiko. Kisha uji mwepesi, kisha ndizi za kupondwa, kisha yai. Aliambiwa atafune kila kitu mpaka kiwe uji mdomoni, na asinywe maji akiwa anakula. Ugali, aliokula tangu hajaota meno, sasa ulimsimamia kifuani kama kigingi. Mlenda peke yake ndio ulioteremka bila ugomvi. Siku moja alijisahau akanywa chai ya sukari kama zamani. Moyo ukaenda mbio, jasho likamtoka, akalala sakafuni akidhani anakufa, na nyumbani hapakuwa na mtu wa kumwita.

Mwili ukaondoka kweli. Magauni yakawa mahema. Pete ya ndoa ilimdondokea kwenye unga, akaitoa na kuifunga kwenye pindo la kanga. Nywele zikanyonyoka, ikabidi ajifunge kilemba hata akiwa ndani. Lakini alitembea. Alikwenda shamba na kurudi bila kukaa, na siku ya kwanza alipofanya hivyo alitamani kumwambia mtu. Akawaambia kuku.

Kilichomsumbua zaidi kilikuwa kukosa njaa. Miaka yote njaa ndiyo iliyokuwa ikimwamsha, ikimpeleka jikoni, ikimpeleka kwa jirani kuuliza leo mmepika nini. Sasa ilinyamaza. Alikula kwa kujikumbusha, vijiko vichache kutoka kwenye kisosi cha chai, kisha siku nzima ikabaki mbele yake haina kazi.

Wakati huo ndipo wifi yake, Mama Hiza, dada yake Sabiri, alipofanya hitima ya marehemu mumewe. Mwaija alikwenda na hofu. Angekaaje kwenye sinia na vitonge vyake vya kitoto? Lakini kabla hajakaa, Mama Hiza alimletea chakula peke yake, kwenye sahani ya plastiki, nyekundu, mpya.

"Wewe kula hapa wifi, kwa nafasi yako. Usisukumane na hawa."

Kwetu, mtu anayepewa sahani yake peke yake kwenye shughuli ni shehe au mgeni kutoka mbali. Mwaija aliona ameheshimiwa. Machozi yalimlengalenga. Alikula alichoweza, akashukuru, na alipoulizwa hali alisema uvimbe umepona.

Kwa mama mdogo wa Sabiri kulipokuwa na arobaini ya mtoto, sahani nyekundu ikaja tena. Ileile, ilikuwa na mkwaruzo ukingoni. Imetokaje kwa Mama Hiza mpaka huku? Mwaija aliutazama ule mkwaruzo na moyo ukaanza kumwambia mambo. Baada ya kula alizunguka nyuma kwenye vyombo. Masinia yote na mabakuli yalikuwa kwenye beseni moja. Sahani yake ilikuwa mbali, chini, kwenye ndoo yake yenyewe, inanuka dawa ya kusafishia choo.

Shamimu alikuwa amechutama pale, anasugua sufuria.

"Hii mbona iko peke yake?"

"Ni taratibu tu, dada."

"Taratibu ya nani?"

Shamimu akainamisha kichwa. "Dada, mimi niliona vidonge vyako dirishani nilipokuja kukujulia hali. Kila siku unameza. Na unavyokwisha hivi... Nilimuuliza baba Adamu."

"Akasemaje?"

"Hakusema kitu. Alitikisa kichwa tu, akashusha pumzi."

Vidonge vilikuwa vya vitamini. Tumbo likishakatwa halikusanyi nguvu ya kutosha kutoka kwenye chakula, kwa hiyo unameza mpaka siku unazikwa. Sabiri alijua. Yusra alimweleza neno kwa neno. Lakini mume mwenye mke mgonjwa, mgonjwa wa ule ugonjwa usiotajwa, nani atamlaumu akihamia kwa mke mdogo? Watu walimpa pole. Walimwita mvumilivu.

Alipokuja kuchukua magunia, Mwaija alimsimamisha mlangoni.

"Kwa nini hukuwaambia ukweli?"

"Niwaambie nini? Kwamba mke wangu amekatwa tumbo kwa kula? Mgonjwa anahurumiwa, Mwaija. Mlafi anachekwa. Nimekuchagulia lililo afadhali."

Akabeba magunia yake akaenda.

Adamu akapata mchumba, binti wa Kerenge, na walima ikapangwa Misima. Hapo Mwaija aliamka. Kwenye ukoo wao kuna sinia la wakwe: mama wa bwana harusi na mama wa bibi harusi wanakaa sinia moja, wao wawili, mbele ya watu, na hakuna anayegusa chakula mpaka wameanza. Mwenyeji hanawi kabla ya mgeni wake. Ndivyo koo mbili zinavyokuwa moja. Mama asiyekaa kwenye sinia hilo ni kama hakuzaa.

Wiki ya harusi Adamu alikuja, akakaa kwenye kigoda, simu mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Sema."

"Baba anasema shangazi ndiye atakaa na mkwe. Wewe upumzike."

"Mama Hiza ndiye aliyekuzaa?"

"Mama, mimi sitaki maneno siku ya harusi yangu. Watu wa Kerenge wakisikia una... wakisikia unaumwa, watasemaje?"

Mwaija alimtazama. Alimnyonyesha huyu mpaka akawa anatembea.

"Mwambie baba yako nitakaa mimi. Na wewe, ukinikuta nimekaa, usinitolee macho."

Siku ya walima hakuweka kitu tumboni tangu asubuhi, ili nafasi yote aliyonayo iwe ya sinia hilo. Alivaa gauni la kijani lililopunguzwa mara mbili na fundi. Turubai lilijaa. Mama Hiza alikuwa ameshajiweka mkekani na mkono wake wa bangili, lakini Mwaija alikuja akasimama juu yake mpaka akasogea.

Mkwe aliletwa. Mwanaidi wa Kerenge, Msambaa, mwanamke mzito wa sauti na wa mwili, aliyekaa chini kwa kusaidiwa na watu wawili. Mwaija alimtazama magoti na kumwonea huruma. Sinia la pilau likawekwa katikati, nyama imelundikwa juu.

"Bismillahi," akasema Mwanaidi, akazamisha mkono.

Mwaija akafinya kitonge. Akatafuna. Akatafuna. Mwanaidi alikuwa na tonge la nne alipomwona mwenzake bado anahangaika na la kwanza. Mkono wake ukasimama hewani.

"Mkwe, mbona unadonoa kama kifaranga? Hiki chakula kina nini?"

Wanawake wa Kerenge waliinua vichwa. Mkono mmoja ulirudisha tonge siniani, mwingine pia. Pilau la mwenyeji asiyekula pilau lake! Mama Hiza akaruka haraka.

"Hapana, hapana mkwe, chakula kizima. Huyu mwenzetu anaumwa kidogo. Shamimu! Lete sahani yake."

Shamimu akaja nayo ameishika kwa ncha za vidole. Sahani nyekundu ikatua pembeni ya sinia, mbele ya Kerenge nzima.

Mwaija alimeza kilichokuwa mdomoni. Alikuwa na njia mbili, ya kuchekwa na ya kukaa kimya. Kimya alikwisha kukijaribu.

"Mkwe," alisema, na sauti ilitoka kubwa kuliko alivyopanga, "siumwi. Nilikuwa mnene kukushinda wewe. Nilikuwa na sukari na magoti hayatembei. Wakanipasua Dar es Salaam, wakakata tumbo wakalitupa, wameniachia kadiri ya ndizi. Nikila zaidi ya vitonge vitatu linakataa. Vidonge ninavyomeza ni vya nguvu. Mume wangu anajua yote haya. Yule pale, muulizeni."

 Kisha mtu mmoja nyuma akacheka, mwanamke, kicheko cha kubanwa puani, kikamtoka.

"Amekatwa tumbo asile! Na sisi tunahangaika kutafuta cha kula!"

Turubai zima likalipuka. Upande wa wanaume mtu alipaza sauti, "Sabiri, kumbe ulikuwa unamlisha mpaka wakamkata?" Sabiri alitazama viatu vyake. Adamu aliziba uso kwa kiganja. Hata Mwanaidi alicheka, alicheka mpaka mabega yakatikisika na machozi yakamtoka. Mwaija alikaa mkono siniani, akisubiri aone mwanamke huyu atafanya nini akimaliza kucheka.

Mwanaidi alijifuta macho kwa kanga. Akaisukuma sahani nyekundu kwa kiwiko, ikateleza mpaka kwa Mama Hiza. Akachagua pande la nyama laini, akalichana, akaweka kipande kidogo mbele ya Mwaija.

"Tafuna hicho. Mimi sinawi mapema, kwa hiyo usiwe na haraka." Kisha akainama karibu. "Na magoti? Yalipona kweli?"

"Yalipona."

"Na njaa?"

Mwaija alifikiri. "Haipo. Ninaikumbuka."

Mwanaidi hakucheka hapo. Alikula, sinia lote, kwa utulivu, na Mwaija alikitafuna kile kipande mpaka mwenzake akasema alhamdulillahi. Wakanawa pamoja kwenye birika moja.

Jua lilipoinama magari ya Kerenge yaliondoka, na Mwanaidi ndani yake. Adamu na mkewe wakaenda Korogwe alikopanga chumba. Aliaga kwa haraka, bila kumtazama mama yake machoni. Sabiri alikuja nyuma ya nyumba, Shamimu anamsubiri barabarani.

"Umenivua nguo mbele ya wakwe."

"Mimi nilivuliwa nikapasuliwa. Ulikuwa wapi?"

Sabiri aligeuka akaenda barabarani, akapanda lori lake. Alifunga mlango wa lori, na tangu siku hiyo magunia yake anayahifadhi kwa Mama Hiza.

Wanawake waliosaidia kupika walikuwa wanamalizia vyombo, wakinong'ona neno ndizi na kuangusha vicheko. Mmoja wao alikuwa ameiacha sahani nyekundu kwenye ndoo yake peke yake, kwa mazoea. Mwaija aliitoa, akaitupa ndani ya beseni kubwa kati ya masinia, akaisugua na vyombo vingine kwa sabuni ileile na maji yaleyale. Baada ya muda walifunga mizigo yao wakaaga, mmoja mmoja.

Alijichemshia yai. Akalikata vipande kwenye ile sahani, akakaa mkekani chini ya turubai tupu, mguu mmoja kaukunja na mwingine kaunyoosha. Alitafuna kila kipande mpaka kikaisha chenyewe. Kuku walikusanya wali uliomwagika, wakaenda kulala. Yai lilikwisha, naye akabaki amekaa, mkono haujanawa, vidole vimekauka, kama mtu anayemsubiri mwenye neno.