Dawa Iliyoishia Chunguni

Atupele hakuwa mtu wa kufundishwa mambo ya moto. Miaka ishirini na saba alikuwa akifinyanga vyungu pale Lyulilo na kuvichoma kwa nyasi ufukweni mwa ziwa, na wanawake wa Matema walivinunua bila kuvigongagonga kwanza kusikia kama vimeiva. Moshi nao ukamlipa kwa pumu. Kilichomuuma zaidi ni kwamba binti yake Doreen, mfinyanzi mwenzake na mtoto pekee aliyebaki naye nyumbani, alikuwa na kifua hichohicho.

Ijumaa ile, siku ya kuchoma vyungu vya soko la kesho yake, Doreen aliamka akikohoa.

"Kifua kinabana, mama."

"Chemsha nyungu. Maji yakitokota, puliza ile inhela ya kahawia humo ndani, ujifunike blanketi, uvute mvuke mpaka jasho likutoke. Mimi nawahi kwa daktari, sichelewi."

Ndivyo Atupele alivyofanya mwenyewe kwa miezi minne. Inhela ya hospitali aliiona ina maringo: unapuliza mara moja, huoni kitu, jasho halitoki. Dawa gani hiyo? Nyungu ilimlea bibi yake, ikamlea mama yake. Basi nyungu na dawa ya hospitali zikiungana, pumu itakimbilia wapi? Alijiona mjanja, akawafundisha na wenzake sokoni, ila hakumwambia daktari neno.

Kwenye kituo cha afya alimkuta Gelasius, tabibu kijana kutoka Kagera, ambaye kwa mwaka mzima alikuwa amejifunza salamu moja tu ya lugha ya wenyeji.

"Ugonile, Mama Doreen."

"Ndaga, daktari."

Akamsikiliza kifua, mbele na nyuma, kisha akarudia. Uso wake haukumpendeza Atupele hata kidogo.

"Ile ya kahawia unaitumia kila siku?"

"Asubuhi na jioni." Kwa hilo hakusema uongo.

"Basi sielewi. Kifua kimezidi kuwa kibaya. Kama dawa haisaidii, mama, itabidi uache kuchoma vyungu."

Hasira zikampanda. Aache vyungu, ale nini? Gelasius akaona, akavuta kiti karibu na kufungua simu yake. Alikuwa na picha alizopewa kwenye mafunzo. Wataalamu walikuwa wametia dawa ya kuvuta alama inayong'aa kwenye mitambo, wakawapa watu wavute, kisha wakawapiga picha za vifua waone dawa imekwenda wapi. Kwa mtu wa kwanza mapafu yaling'aa mpaka kwenye kingo. Kwa wa pili kinywa, koo na tumbo viling'aa, na mapafu yakabaki meusi.

Atupele aliitazama ile picha ya pili kwa muda. Chungu kisichoiva ukikivunja, kwa nje ni chekundu na katikati ya udongo kuna weusi, pale moto ulipokosa kufika. Weusi ule aliujua.

"Huyu hakuiva," alisema.

"Hakuvuta sawasawa. Dawa ile ile, mama, lakini haikufika."

Atupele akauliza kwa sauti ndogo, "Na mtu akiipulizia kwenye nyungu?"

"Nyungu ipi?"

Akamweleza yote. Gelasius hakucheka.

"Inabaki kwenye maji, mama. Mvuke haukupelekei. Na mtu ambaye kifua kimeshabana, ukimfunika blanketi kwenye mvuke ule, unaweza kumzidishia."

Atupele akasimama ghafla. "Doreen," alisema. "Doreen yuko kwenye nyungu sasa hivi."

Simu ya Doreen iliita mpaka ikakata. Wakapiga tena, ikaita hivyohivyo. Gelasius alishika chupa tupu ya maji, akaitoboa kitako kwa wembe, akachomeka inhela ya bluu, ile ya kufungua kifua haraka, na wakapanda pikipiki yake. Atupele aliikumbatia chupa ile njia nzima, akiomba na kujitukana kwa zamu.

Nyumbani, blanketi lilikuwa katikati ya chumba. Atupele alilivuta. Doreen alikuwa ameinama, mabega yamepanda, midomo imefifia, na neno "mama" likamshinda katikati. Atupele alikisukuma chungu kwa mguu, maji yakamwagika sakafuni. Mdomo wa chupa ukawekwa kati ya midomo ya binti yake.

"Vuta polepole. Toa. Vuta tena," alisema Gelasius, akibonyeza, akingoja, akibonyeza tena.

Walipofika mara ya sita mabega yalianza kushuka. Atupele akakaa chini kwenye maji, akalia waziwazi.

"Mama," Doreen alisema alipopata pumzi, "nilipuliza mara nane. Kama ulivyonielekeza."

Doreen alilazwa kituoni siku mbili.

Jumamosi ya wiki iliyofuata, sokoni, Atupele alichagua kati ya vyungu vyake kimoja alichojua hakikuiva, akakipasua kwenye jiwe mbele ya wateja na wafinyanzi wenzake. Watu wakaguna, mfinyanzi hafanyi hivyo hadharani. Akainua kipande na kuwaonyesha weusi wa katikati.

"Nyote niliowafundisha kupulizia dawa kwenye nyungu, sogeeni," alisema. "Hapa ndipo nilipomfikisha mwanangu."

Kisha akatoa chupa yenye inhela aliyoifunga kwenye kanga na kuanza kuwaonyesha jinsi ya kuvuta dawa ifike mapafuni.