Jina Ambalo Sikuliuliza

Mwanangu, ipo asubuhi moja ambayo nikiikumbuka siwezi kukaa. Unaniona ninavyozunguka nyumba hii ya mtaa wa Mapendo, mara mlangoni, mara jikoni, ukadhani ni miguu ya uzee. Si miguu, ni asubuhi hiyo. Na kwa kuwa Jumatatu unavaa blauzi nyeupe ya uuguzi, heri uisikie kabla hujaivaa.

Miaka ile ya hamsini, Wabelgiji wangali wanatawala, nilikuwa msichana kutoka Butembo. Masista walikuwa wamenifundisha kusoma na kuandika, nikapata kazi katika zahanati hapa Goma. Nilijaza fishi, ile karatasi ya mgonjwa, kabla hajamwona muuguzi. Bila fishi kamili, mtu hapiti. Nilijiona, mwanangu! Kalamu ile niliishika kama fimbo ya chifu.

Akaja mama mmoja kutoka Kibumba, ametembea tangu alfajiri, mtoto mgongoni anaungua homa. Jina lake alinitajia. Nikauliza la mwenye boma, yaani baba wa mume wake, maana familia yote iliandikwa kwa jina la huyo mzee. Akanyamaza, akatazama chini.

«Mama, nakuuliza mara ya tatu. Jina ya baba-mukwe yako ni nani?»

«Siwezi, dada.»

«Hauwezi, ao haumujui? Huyu mutoto ana familia kweli?»

Nilisema kwa sauti, na mstari mzima ukacheka. Nikamwambia aende nyuma kabisa, zamu yake ikirudi awe amekumbuka. Ulimi hauna mfupa, lakini siku hiyo wangu ulivunja mtu. Nilipoinua macho tena, hayupo.

Muuguzi wetu mkubwa, Papa Anselme, mzaliwa wa Rutshuru, upande huo huo wa Kibumba, alisikia vicheko akatoka. Nilipomweleza hakupiga kelele. Heri angepiga.

«Kwetu, muke hataji jina ya baba-mukwe wake. Akiitaja, amemukosea heshima. Ungemuuliza mutu mwengine wa Kibumba, wako banne pale ku mustari. Fishi inaweza kungoja, binti. Homa haingoje. Umufwate.»

Nikatoka mbio kwenye barabara ya Rutshuru, mawe ya volkano yakinikata viatu, kila mwanamke niliyemwona mbele nikidhani ni yeye. Jua lilikuwa limepanda sana nilipomkuta ameketi kando ya njia, mtoto magotini, macho ya mtoto yamegeuka. Niliogopa, mwanangu. Nikapiga magoti pale pale kwenye mchanga mweusi.

«Mama, nimekosa. Turudi.»

«Nirudi mbele ya bale batu?» Hakunitazama. «Umeniuliza jina ya batu bote ba kwetu. Huyu mwenye kugonjwa, haukumuuliza yake.»

Kweli, sikuwa nimeliuliza. Nikauliza sasa.

«Uwimana,» akasema.

Nikamwomba ruhusa ya kumbeba Uwimana. Akamfuta mtoto jasho, kisha akanipa. Tulirudi tukimbeba kwa zamu, tukikimbia kila tulipoweza, na Papa Anselme akampokea mlangoni bila fishi yoyote.

Aliishi. Lakini sikio la kushoto halikusikia tena. Hakuna aliyeniambia ni kwa sababu ya saa zile nilizompotezea, na hakuna aliyeniambia sivyo. Nilimwuliza Papa Anselme mara nyingi, akawa ananiambia nimwite mgonjwa anayefuata. Majuto ni mjukuu, wanasema. Huyu mjukuu wangu nimemlea mpaka nimezeeka, na bado halali.

Basi shika hili. Mgonjwa haachi utu wake nje ya mlango wa zahanati. Anaingia na desturi yake, na aibu yake, na haki ya kuelezwa unachotaka kumfanyia, hata haki ya kusema hapana. Mambo yake usiyatangaze mstarini. Akinyamaza, usimwite mjinga. Huenda wewe ndiye hujui, na kuuliza si ujinga. Usimguse kabla hajakubali, hata kama una haraka, na utakuwa na haraka kila siku, nakujua, wewe ni damu yangu! Na jina la kwanza kuuliza liwe la yule anayeumwa, hata kama bado anabebwa mgongoni.

Uwimana alikua, akaolewa huko huko Kibumba. Kila tulipokutana sokoni aligeuza kichwa, akanipa sikio la kuume, akicheka, akiniita mama. Sijui kama aliambiwa habari ya asubuhi ile. Mimi sikuwahi kumwambia.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe mikono myepesi na moyo usiotekwa na kalamu. Na akujalie masikio mawili, yote mawili yasikie.