Sahani ya Mavyaa Nyuma ya Kioo

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa mwanafunzi Guangzhou. Chakula cha bwenini kilinishinda, basi kila Jumamosi nilikwenda kuwatafsiria wafanyabiashara wa kutoka nyumbani nikapate cha kununulia wali wa maana. Kazi yenyewe ilikuwa kusimama katikati ya watu wawili waliokasirika, huko kwenye masoko ya Sanyuanli, na kupunguza makali ya matusi pande zote mbili. Niliiweza. Mimi mwenyewe ni mwepesi wa hasira, kwa hiyo najua tusi lipi linamezeka.

Mteja niliyempenda na kumwogopa kuliko wote alikuwa mama mmoja wa Unguja, mnunuzi wa mapazia na vyombo. Ndani ya mkoba wake alibeba kipande cha sahani kilichofungwa kwenye leso. Kila duka la vyombo tulilopita alikitoa na kuulizia sahani ya namna ile. Mei you, walimjibu, yaani hakuna, naye alikifunga tena taratibu.

Sahani ilikuwa ya mavyaa wake, mama wa mumewe. Ilikaa kwenye kidaka cha ukuta wa sebuleni tangu enzi za mababu, na kila mgeni alielezwa, hata kabla ya kukaribishwa kukaa, kwamba ilitoka China, kazi ya mafundi wa wafalme. Siku moja ya kuamkia Idi huyu mama alikuwa akiifuta vumbi, ikamponyoka. Tangu hapo mavyaa hakusema naye. Waliishi nyumba moja, wakala sinia moja, lakini bibi alipotaka kitu alimwambia paka: mwambie huyo chai haina sukari. Na sukari ikatiwa.

Mama alinisimulia hayo akicheka, kisha kicheko kikamkauka. Alisema yeye aliolewa akiwa hana mama, na huyo bibi ndiye aliyemlea. Alikuwa radhi kurudi nyumbani bila pazia hata moja, mradi arudi na sahani.

Jumamosi moja tulitoka kiwandani upande wa bandari ya zamani, mvua ikatufukuza, tukaingia jengo la kwanza tuliloona liko wazi. Lilikuwa makumbusho madogo ya biashara ya baharini. Ndani mlikuwa na mifano ya meli, mizani ya chai, nanga iliyoliwa na kutu, na mzee mmoja aliyekaa na kopo lake la chai, akishangaa kupata wageni. Nilimwambia Mama kwamba haya ni makumbusho. Hakunisikia. Kwa mfanyabiashara wa Guangzhou, kitu kikiwekwa nyuma ya kioo na kumulikwa taa ni sampuli, na mwenye kopo la chai ndiye bosi.

Kwenye kabati la mwisho akaiona. Ua lile lile la buluu, samaki yule yule aliyepinda mkia. Alikitoa kipande chake akakisogeza kwenye kioo. Halafu akajikaza, akavaa uso wa mtu asiye na haja.

Aliniagiza nimuulize laoban, yaani bosi, kama zinauzwa kwa katoni au moja moja, na kama hii ya kabatini, kwa vile imechakaa, ataipunguza. Nikatafsiri kwamba mgeni wangu anavutiwa sana na historia. Mzee alifurahi, akaanza kueleza safari za meli tangu mwanzo. Mama akataka kujua mbona anasema sana na hataji bei. Nikamwambia bado anafikiria.

Basi akatumia silaha yake kubwa. Akageuka, akaelekea mlangoni polepole, akisubiri kuitwa nyuma. Mzee akampungia mkono wa kwaheri.

Ikabidi niseme ukweli, kwamba haiuzwi leo wala kesho. Mama alikaa kwenye benchi kama mzigo ulioshushwa. Mzee naye akakiona kile kipande, akakiomba, akavaa miwani, na uso wake ukachangamka. Alisema hiki ni cha kweli kabisa, ndugu wa hiyo ya kabatini. Lakini wafalme hawakuzigusa. Zilichomwa harakaharaka kwenye tanuri za vijijini, zimepangwa moja juu ya nyingine, na samaki alipinda mkia kwa sababu mchoraji alikuwa mbioni. Zilitupwa chini kabisa melini kwa kuwa hata zikilowa haziharibiki, na nzuri zikabaki huku huku.

Ningeweza kulainisha. Nilitafsiri neno kwa neno, na chumvi nikaongeza.

"Yaani gredi B," akasema Mama.

Alicheka mpaka mzee akamletea chai. Ndani ya basi, njia nzima hadi mtaa wa Dengfeng alikofikia, alifanya mazoezi ya namna atakavyompasulia mavyaa habari hiyo, kwanza kwa upole, kisha bila upole. Mimi nilikuwa nikimtia shime, kwa maana ugomvi wa watu wengine una utamu wake.

Kwenye kibanda cha simu alikopigia nyumbani mlango haukufungika vizuri, nikasimama hapo hapo. Siku nyingine bibi akiisikia sauti yake alimwita mtu mwingine aje apokee. Siku hiyo bibi alikuwa peke yake nyumbani. Mama alitoa shikamoo, haikuitikiwa, ila simu haikukatwa. Nikangoja gredi B.

"Mama, nimeiona sahani yako," akasema. "Imewekwa kwenye kabati la kioo. Ina taa yake na mlinzi wake. Wachina wanalipa kiingilio waje kuitazama tu."

Kiingilio hakikuwapo, na mlinzi ni yule mzee na kopo lake. Nilimkodolea macho, akanipa mgongo. Kisha sauti ikatoka Unguja kwa nguvu, hata mimi mlangoni nikaisikia yote.

"Waambie wasiifute kwa pupa. Wataivunja kama ulivyoivunja weye, na mikono yako mibovu hiyo."

Simu ikakatwa. Mama akajifunika uso kwa mtandio, mabega yakimtikisika, nami nikaanza kumpoza kwamba wazee ndivyo walivyo. Akanisukuma pembeni.

"Kanitukana," akasema, machozi yanamtiririka. "Mwenyewe, kwa mdomo wake."