Siku Fundi Taratibu Alipoligonga Gari la Mkunga

Gereji ile ilikuwa na mafundi hodari wa kuyaendesha magari ya watu kuliko kuyatengeneza. Gari likiingia na kikohozi kidogo tu, fundi husema analipeleka majaribio, na majaribio yenyewe utayakuta yameegeshwa nje ya nyumba ya shangazi yake, au yamebeba magodoro. Wateja walilijua hilo, wakanung'unika, wakazoea. Ndiyo maana wenye akili walimpelekea magari Fundi Taratibu.

Jina hilo alipewa kwa mzaha, maana hata kulitoa gari uani alilitoa kama anayembeba mgonjwa. Akimaliza kazi alizunguka nalo mle mle ndani, akalizima, akatia ufunguo mfukoni. "Gari la mtu ni kama mke wa mtu," aliwaambia wenzake. "Ukilisifu, inatosha." Walimcheka, lakini walimheshimu, na yeye alijua kwamba anaheshimiwa. Hapo ndipo penye ubovu: mtu akishajijua kuwa ni mwema, huacha kujichunga.

Mteja aliyempenda kuliko wote alikuwa mkunga, mama aliyewapokea watoto wote wa fundi huyo kwa mikono yake. Gari lake dogo jeupe ndilo alilotumia kuwafuata wajawazito wasioweza kufika zahanati kwa miguu. Alikuwa akilileta, akimwachia ufunguo na kwenda zake. Kulichukua pia alilichukua hivyo hivyo, hata boneti hafungui. "Mwanangu hawezi kunipa gari bovu," alisema.

Asubuhi hiyo alikuwa amelileta kubadilishiwa pedi za breki. Fundi alikuwa anakaza gurudumu la mwisho mkewe alipopiga simu. Mama yake, mkwe wa fundi, ameshafika stendi, na kaka yake, aliyeahidi kumpokea, amepata dharura.

"Mwambie akae hapo hapo," fundi akasema. "Nakuja kumchukua."

"Unakuja na nini?"

"Na gari."

"Gari la nani, baba watoto?"

"Wewe mwambie akae."

Tangu aoe, huyo shemeji ndiye aliyekuwa akiingia ukweni akizungusha ufunguo kidoleni, na fundi, anayeamka na magari na kulala na grisi, alikuwa akishuka kwenye pikipiki za kukodi. Siku moja tu, alijiambia. Akanawa mikono kwa sabuni ya unga, akavua ovaroli, akavaa shati lake la pasi, akaingia garini.

Kuna jambo ambalo fundi yeyote hufundishwa kabla hajaruhusiwa kugusa breki za mtu: breki mpya hazina breki. Ukibadilisha pedi unakuwa umezisukuma pistoni ndani, na pedali inabaki tupu. Lazima ukae humo, gari limesimama, ukanyage na kukanyaga mpaka usikie mguu umekutana na kitu. Nusu ya gereji ilikuwa imejifunza jambo hilo kwake. Lakini siku hiyo mguu wake ulikuwa gereji, akili iko stendi, inamfungulia mama mkwe mlango.

Gari likatoka langoni, likashika mteremko. Alipokanyaga breki, mguu ulikwenda mpaka chini. Alipokanyaga tena, mageti ya mchomelea vyuma yalikuwa yameshafika. Yalikuwa yameegemezwa ukutani, yakamwangukia moja baada ya jingine, kwa kishindo kilichotoa watu madukani. Boneti ilijikunja, maji ya rejeta yakatiririka barabarani. Yeye mwenyewe hakupata hata mkwaruzo, jambo ambalo baadaye alilijutia.

Wa kwanza kufika alikuwa mpiga rangi wa gereji, mtu asiyejua kunyamaza. Akalitazama gari, akamtazama dereva, akalitazama shati.

"Siku hizi breki zinajaribiwa na shati la pasi? Nguo ya kuazima haisitiri matako, kaka."

Mkunga aliitwa, akaja kwa miguu akihema. Fundi alikuwa amejipanga kumwambia kweli, wallahi alikuwa amejipanga, lakini alipofungua mdomo ulitoka uongo.

"Breki zimekatika, mama. Nilikuwa nazijaribu."

Mpiga rangi akageuka kutazama pembeni. Mkunga hata gari hakulitazama. Alimshika fundi mikono, akampapasa mabega, akamgeuza huku na huku.

"Umeumia? Hebu nikuone. Ningekuwa mimi humu, na mjamzito nyuma! Umenipokelea kifo changu, mwanangu."

Angemtukana, fundi angepona. Kushukuriwa ndiko kulikomkata maini.

Jioni mkunga alimfuata nyumbani kumpa pole. Alimkuta mama mkwe amenuna, maana alikuwa amekaa stendi mpaka jua likamchosha, kisha akaja kwa pikipiki na mzigo mapajani. Mkunga akamsimulia ajali yote, akaitia na chumvi. "Mwanao ameolewa na mwanamume, dada yangu. Wenzake wangemkabidhi mtu gari bila kulijaribu."

Mama mkwe akamtazama fundi kwa macho ambayo hakuwahi kumtazama nayo. Ndicho kitu alichokitamani miaka yote ya ndoa, na sasa alikuwa amekipata kwa uongo. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai. Alimtazama tu, na fundi akainamisha kichwa.

"Mama," alimwambia mkunga, "breki zako hazikuwa na ubovu. Nilikuwa nakwenda kumpokea mama mkwe. Nilitaka anione na gari. Nikasahau kukanyaga kwanza."

Hayo ya kukanyaga hawakuyaelewa, ikabidi awaeleze. Akaeleza pistoni na pedali mbele ya mkwewe, mwili mzima ukimwaka kwa aibu, hajui mikono yake aiweke wapi.

Mkunga alitua kikombe chini.

"Mficha uchi hazai," alisema. "Maneno hayo nimewaambia wanawake maisha yangu yote. Umesema, umefanya vizuri. Lakini ulinitazama usoni nikakushukuru, mwanangu, na wewe ukanyamaza." Akaaga na kwenda zake.

Gari fundi alilitengeneza mwenyewe, hakumwachia mtu hata kunyoosha bampa. Wakati wote huo mkunga alipita mbele ya gereji na mkoba wake begani, akienda kwa wajawazito wake kwa miguu, na kila alipopita fundi alijitia kutafuta spana chini ya benchi.

Siku ya kulichukua hakuja peke yake. Alikuja na mwanamume wa makamo, amevaa ovaroli ya gereji nyingine.

"Samahani, fundi," alisema kwa upole. "Naomba huyu alitazame kidogo."

Mgeni akafungua boneti, akatazama, akaingia uvunguni. Akaomba kumulikiwa. Hakukuwa na mwingine karibu, na Fundi Taratibu akachukua taa, akapiga magoti, akammulikia breki alizozifunga kwa mkono wake. Mpiga rangi, mwenye neno la kila jambo, aliendelea kupiga rangi.

Mgeni alitoka akijipangusa. "Liko sawa, mama. Hii ni kazi safi."

Mkunga akashusha pumzi, akaupokea ufunguo.

"Asante, fundi," alisema, na alikuwa akimwambia yule mgeni.